Kwenu wanangu mnaotuletea unga na kamera

Wanangu mliokulia huku Newala na Tandahimba, ambao sasa mnafanya kazi Dar es Salaam,

Shikamoo zenu nimezipokea. Wapo wanaofanikiwa mjini wasirudi hata kuzika, lakini nyinyi mlichangishana, mkaja na unga, sukari, sabuni na madaftari kwa ajili ya yatima wanaoishi na VVU. Kwa hilo nawapenda. Ila mlichokifanya uwanjani siku ile kimeninyima usingizi, na sitakimeza.

Mliwapanga watoto mstari mmoja. Nyuma yao mkatundika bango lenye maandishi makubwa yanayosema wao ni nani na wana nini, kisha mkapiga picha. Kabla ya magharibi picha ilikuwa imezagaa kwenye simu za kata nzima.

Mmoja wao ni mvulana ninayemjua tangu analetwa kliniki mgongoni kwa bibi yake, enzi bado niko kazini. Jina na kijiji nayaacha, na haya nayaandika kwa ruhusa ya bibi huyo. Wiki mbili baada ya nyinyi kuondoka alinijia na kopo la dawa la mjukuu wake. Nilipolifungua nikakuta pamba. Mtoto huibana juu ya vidonge ili visigonge akitoka nalo CTC, kliniki ya dawa za VVU, wenzake wasisikie. Amefanya hivyo tangu darasa la nne, hakufundishwa na mtu. Nikaitoa pamba, nikamwaga vidonge mezani, nikahesabu. Vilizidi tisa. Siku tisa hakumeza, kwa sababu shuleni wanamwita Bango.

Wanangu, dawa hizi hazitaki mchezo. Akimeza kila siku virusi vinafubaa, anakua, anasoma, ataoa na kuzaa kama wenzake. Akirukaruka virusi vinaamka, vinazoea dawa, na dawa za kubadilishia kwa mtoto si nyingi. Miaka tuliyotumia kumzoesha, nyinyi mliitikisa kwa picha moja.

Msiniambie walezi walikubali. Bibi mwenye wajukuu watano na debe tupu atakataaje mbele ya gari lenye unga? Huku kwetu tunaijua kangomba. Mnunuzi anamvizia mkulima siku ya njaa, anampa kidogo, anaondoka na korosho zenye thamani kubwa kuliko alichotoa, na sote tunamlaani. Watoto hawa nao mliwakuta na njaa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, na mtoto ni mtu.

Mkitaka kusaidia, yako mengi. Nauli: dawa ni bure tangu 2004, bodaboda si bure. Chakula cha Februari na Machi, ghala likiwa tupu na mtoto anameza dawa juu ya chai kavu. Sare. Taa ya kusomea. Na ahadi yenye kikomo kinachojulikana. Kama ni mwaka mmoja, semeni mwaka mmoja. Afadhali mmshike mtoto mmoja mpaka amalize kidato cha nne kuliko arobaini kwa mchana mmoja.

Liko na jambo ambalo halihitaji mchango wenu wa fedha. Wengi wa watoto hawa si maskini wa kuzaliwa. Baba zao waliacha mikorosho. Nendeni msimu wa mavuno mkaone nani anaokota: baba mdogo, shangazi, binamu. Korosho zinapelekwa chama cha msingi kwa jina la mtu mzima, mnada unapigwa, fedha zinaingia akaunti yake, na mwenye shamba anaomba kalamu. Hapa sisi wazee ndio tuliooza. Tunakaa kikao cha arobaini, tunakula ubwabwa wa marehemu, tunagawa shamba lake, na mtoto yuko nje anakosha sahani. Wakati wa unyago tunachangishana mpaka usiku wa manane. Likitajwa shamba la yatima kila mtu anakumbuka safari. Kati yenu wamo wanasheria na wahasibu. Njooni mtusaidie kuyaandikisha mashamba hayo kwa majina ya watoto, mbele ya mtendaji. Huo ndio ufadhili ninaouomba kwa magoti.

Nasikia Desemba mnakuja tena, na bango mmelihifadhi ofisi ya kijiji. Lichukueni mkalichome. Kisha piteni kwangu, tuende pamoja kwa viongozi wa konga ya WAVIU, yaani umoja wa watu wanaoishi na VVU. Wao wanazijua kaya, na mzigo utafika mlango kwa mlango jioni, bila kumwita mtoto yeyote uwanjani.

Yule mvulana ameanza kumeza tena, saa mbili usiku, bibi yake akimwangalia. Pamba bado anaiweka.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Newala