Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria wa Komoro: fungueni mlango wa rufaa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum kutoka Unguja. Sina cheo wala chama. Ni Mtanzania, mjukuu wa Wangazija, watu wa kisiwa kikuu cha Komoro, waliohamia Zanzibar, na habari za Moroni, mji mkuu wenu, zikifika barazani kwetu tunazisikiliza kama habari za nyumbani.

Komoro ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi zinazotumia sheria moja ya biashara. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Moroni aliyeshindwa kesi ya deni anaweza kukata rufaa hapo hapo nchini, na asiporidhika akalipeleka shauri lake hadi Abidjan, kwenye mahakama ya pamoja ya jumuiya hiyo. Hayo ni kwa deni la mchele. Aliyehukumiwa kifungo cha maisha na Mahakama ya Usalama wa Dola, mahakama maalumu ya makosa dhidi ya dola, hana pa kwenda. Hukumu ikishasomwa, imekwisha.

Unajua ninakoelekea. Rais mstaafu Ahmed Abdallah Mohamed Sambi aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani Mei 2018, na Agosti mwaka huo akatiwa mahabusu. Sheria yenu inaruhusu rumande isiyozidi miezi minane. Yeye alifikishwa mahakamani Novemba 2022, baada ya zaidi ya miaka minne. Shtaka lililoanza kama la rushwa katika uuzaji wa pasipoti za Komoro kwa watu wasio na uraia huko Ghuba lilikwishageuzwa kuwa uhaini. Tarehe 28 Novemba alihukumiwa kifungo cha maisha.

Sisemi kwamba hana hatia. Biashara ile ya pasipoti iliiaibisha Komoro, na fedha zake zinastahili kuulizwa kwa ukali. Lakini kama ushahidi ni mzito kama upande wa mashtaka ulivyodai, majaji wengine wakiupitia upya utapungua nini?

Sisi Zanzibar tuna la kusimulia kuhusu uhaini. Wafuasi 18 wa chama cha upinzani cha CUF, Machano Khamis Ali na wenzake, walishtakiwa kwa kutaka kuipindua Serikali ya Zanzibar, na wakasota rumande kwa zaidi ya miaka miwili. Nakumbuka jinsi mji ulivyogawanyika. Watu waliacha hata kuzikana. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na Novemba 2000 majaji wakatamka kwamba Zanzibar si dola yenye mamlaka kamili, hivyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi yake. Mwezi huo huo mashtaka yalifutwa na watu 18 wakarudi majumbani. Wako Wazanzibari ambao hoja hiyo inawakera mpaka leo, kwa sababu za kisiasa zinazoeleweka. Hata hivyo juu ya mahakama iliyowashika palikuwapo mahakama nyingine ya kulipima shtaka lao.

Najua jibu ambalo huenda ukapewa na wasaidizi wako: nchi ni ndogo, wanasheria ni wachache, kila mtu ni shemeji wa mwenziwe. Mimi naona udogo huo ndio unaodai rufaa. Jaji anayeishi mtaa mmoja na mshtakiwa, au na adui yake, anahitaji kuwa na mtu wa kumkagua. Wala nchi yenu haijawahi kuishiwa vichwa vya sheria. Sheikh Ahmed bin Sumeit, mzaliwa wa Itsandra, alikuwa kadhi hapa Unguja, na mwanawe, Sheikh Omar, akaja kuwa Kadhi Mkuu. Mlituazima sisi makadhi. Nyinyi mkose majaji watatu wa kusikiliza rufaa?

Tena Mahakama ya Juu ipo. Aprili 2018 iliongezewa hata kazi za Mahakama ya Katiba, ambayo kura ya maoni ya Julai ikaifuta kabisa. Chombo kilichoaminiwa kuamua maana ya Katiba na matokeo ya uchaguzi hakiwezi kuambiwa kwamba hukumu za Usalama wa Dola ni nzito mno kwake.

Mheshimiwa, jambo hili halimhusu Sambi peke yake. Djaffar Ahmed Said Hassani aliingia madarakani 2016 akiwa makamu wa Rais Azali. Desemba 2018 mahakama hiyo hiyo ilimhukumu kifungo cha maisha, naye akiwa nje ya nchi. Ni miaka miwili na nusu tu tangu aapishwe. Mawaziri wote wa Moroni wangefaa kuzitazama tarehe hizo.

Lipo na la Arusha. Nchi yenu iliridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, lakini haijaweka tamko linaloruhusu raia kwenda huko mwenyewe. Hapa nanyamaza kidogo, maana Tanzania, mwenyeji wa mahakama hiyo, ilitangaza kuliondoa tamko lake 2019, na sina uso wa kukuhubiria.

Kwa hiyo naomba lililo ndani ya uwezo wenu: muswada mfupi Bungeni, unaosema kwamba hukumu yoyote ya Mahakama ya Usalama wa Dola inaweza kukatiwa rufaa Mahakama ya Juu, na kwamba waliokwisha kuhukumiwa nao wanapewa muda wa kuwasilisha rufaa zao. Uandikwe hivyo waziwazi, wasije wakaambiwa wamechelewa.

Wako kwa heshima,
Mjukuu wa Wangazija, Unguja