Nishone mkoba uleule mpaka lini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na nimekuona ukiwajibu wengi wenye matatizo ya ndoa na ukwe. Langu ni la kazi, ingawa wifi yangu yumo ndani yake, kwa hiyo huenda lisiwe geni sana kwako.

Nashona vitu vya ngozi kwa mkono: mikoba, pochi, mikanda, majalada ya madaftari. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayepokea oda, kujibu wateja, kupiga picha, kufunga mizigo na kuandika hesabu. Mimi nakata na kushona. Tumegawana hivyo tangu mwanzo, na fedha haijawahi kutugombanisha. Tunachovutana sasa ni mkoba mmoja.

Mkoba wenyewe ni mdogo, wa kuning'iniza begani, una kifuniko kinachoshuka mbele, na hauna bizimu wala zipu. Ulimi mwembamba wa ngozi unapita kwenye mpasuko na kujikaza wenyewe. Watu hudhani nilikaa chini nikaubuni kwa makusudi. Kumbe bizimu zilikuwa zimeniishia, mteja anasubiri, na fedha ya kuagiza nyingine haikuwapo. Nikapasua, nikapitisha ulimi, nikavuta, ukashika. Mteja akaupenda, akamwonyesha mwenzake, na tangu hapo oda zake hazijakatika.

Usidhani naudharau. Kuurudia kumenifundisha mambo ambayo mwalimu asingenifundisha. Ngozi ya mgongoni ni imara, ya tumboni inanyumbuka. Ulimi ukikatwa tumboni, baada ya muda unalegea na kifuniko kinafunguka chenyewe barabarani. Mpasuko nao lazima uishie kwenye tundu la duara kila upande, la sivyo ngozi itaanza kuchanika kutoka pale penye ncha. Hayo nimeyajua kwa kushona, nikavaa, nikarudishiwa, nikashona tena. Anayesema kwamba fundi anayerudia kitu kimoja amegeuka mashine, nadhani hajawahi kushika msharasi wa kutobolea ngozi.

Lakini Shangazi, siku hizi mikono inashona na mimi mwenyewe sipo. Zamani nikikaa na kipande cha ngozi nilikuwa nakigeuzageuza, nakikunja, nakinusa, na wazo linakuja kabla sijatafuta kisu. Sasa nikishika ngozi, kitu cha kwanza ninachokiona ni mistari ya kiolezo cha ule mkoba. Najua mikoba mingapi itatoka humo hata kabla sijaitandika mezani. Kwa biashara huo ni ujuzi mzuri. Kwangu mimi umekuwa kama ugonjwa.

Wengine watasema nimechoka tu, nipumzike. Wifi naye alidhani hivyo, na kwa huruma yake akanipangia siku moja katika wiki isiyo na oda wala simu, akasema "leo tengeneza unachotaka." Nilikaa. Nikachukua karatasi ngumu nikaanza kukata kiolezo kipya, nikiwa na hakika kwamba safari hii ni kitu tofauti kabisa. Nilipokikunja kukitazama, ni mkoba uleule, mrefu kidogo, kifuniko kimekatwa mshazari. Ulimi upo palepale. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Siku ile ya mapumziko ikaanza kuliwa na kupaka nta nyuzi na kunoa visu, kazi ambazo angalau zina mwisho. Muda ninao, angalau kidogo. Nikiupata, ndipo sijui niufanyie nini.

Kuna mara moja tu nilitoka. Nina sanduku la mabaki, karibu yote ni ngozi za tumboni ambazo hazifai kwa mkoba. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti ina tabia nzuri sana: ukiilowesha inakuwa laini, inafuata umbo lolote unaloikandamizia, na ikikauka inashika umbo hilo. Nikachonga kibao chenye umbo la miwani iliyokunjwa, nikalowesha kipande cha tumbo, nikakikandamiza juu ya kibao kwa kipande cha mfupa. Pembeni kikajikunja makunyanzi. Nikakilowesha upya, safari hii nikavuta kutoka katikati kwenda nje taratibu, nikabana kingo kwa vibanio, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikatoa kifuko cha miwani kigumu, hakina mshono hata mmoja mbele. Kule kunyumbuka ambako ni kasoro kwenye mkoba, hapa ndiko kulikofanya kazi. Nilicheka peke yangu.

Wifi akakipiga picha, akaiweka mahali tunapoonyesha bidhaa zetu. Watu wakasifu. Halafu wa kwanza kuuliza bei akauliza bei ya mkoba. Mwingine akataka kujua kama mkoba utakuwa na rangi ya kahawia iliyokoza. Kifuko kipo kwenye droo yangu na miwani yangu imo ndani. Wifi hakusema neno baya, alisema tu, "Umeona?"

Nimejaribu kusoma ili nijue kinachonipata. Nilikutana na jaribio moja la mwaka 1973 la watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wa shule ya awali ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Kundi la pili walipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu hawakupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena darasani na hakuna zawadi inayotajwa, wale walioahidiwa walizichezea kama nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kuahidiwa hamu yao haikushuka.

Niliposoma pale nikaweka kikombe chini. Kila oda ninayoshona ni cheti kilichoahidiwa. Kabla kisu hakijagusa ngozi najua nani anakisubiri, kwa rangi gani, na atalipa nini. Na hata siku ile isiyo na oda, swali linaloniingia kwanza ni "kitauzika?" Bila shaka watoto wale hawalipi kodi ya nyumba, kwa hiyo siwezi kuwaiga. Lakini kidogo nimeelewa.

Ushauri mwingine nilioupata hauna haja ya kuuandika wote. Kuchora kila asubuhi: nilichora mikoba. Kutazama kazi za mafundi wengine kwenye simu: huo ndio uliniumiza zaidi. Nikimaliza kutazama picha za watu nakuwa na mawazo mengi, yote ya watu wengine, na moyo mzito juu yake. Zaidi ya hapo, ndimo nilimokutana na mkoba wangu umeshonwa na mtu nisiyemfahamu, ulimi na mpasuko vilevile, ila hakuweka tundu la duara. Utachanika. Nilijikuta nataka kumwandikia, si kumlaumu, kumwambia tu aweke tundu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie leo. Kuna mwenye duka ameleta pendekezo la mkataba. Anataka mkoba ule tu, rangi mbili, mzigo kila mwezi kwa mwaka mzima, bila kubadilisha hata urefu wa mkanda, kwa sababu ataupiga picha mara moja na kuuza kwa picha hizo. Bei yake ni nusu ya ile anayolipa mteja anayetuagiza moja kwa moja. Ndivyo biashara ya jumla inavyokwenda mara nyingi, sina ugomvi nayo. Naye ana pango, ana wafanyakazi. Ila ukitoa ngozi, uzi, nta, rangi na vifungashio, gharama ambazo hazipungui kwa nusu, kinachobaki kwa saa za mkono wangu ni kidogo sana. Yeye ameliona hilo, akapendekeza tushone kwa cherehani.

Hapo damu ilinichemka, na naomba univumilie nieleze. Sisi tunashona kwa uzi mmoja na sindano mbili. Kila tundu linapitwa mara mbili, sindano moja kutoka huku, nyingine kutoka kule. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule unaotoka upande wa pili bado umeshika, na mshono haufumuki hovyo. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazonasana katikati ya ngozi. Mmoja ukikatika, jirani zake huanza kulegea. Cherehani ina kazi zake na mafundi wake hodari. Mkoba huu ulijengwa juu ya mshono ule mwingine, na ndiyo maana watu wanaurudia.

Wifi anasema cherehani tunaweza kuikataa, ila mkataba tuuchukue. Hoja yake nzito. Mapato yakiwa ya uhakika tutaajiri vijana wawili, niwafundishe mkoba, wao waushone, mimi nikae na mabaki yangu nibuni ninavyotaka. Alinitafutia hata mfano. Mwaka 1920 Bernard Leach na Hamada Shoji walianzisha karakana ya ufinyanzi huko St Ives, Uingereza. Kwa miaka mingi karakana hiyo ilitoa vyombo vya matumizi ya kila siku vya miundo ileile, vikifinyangwa na mafundi na wanagenzi, huku Leach mwenyewe akifanya vyombo vyake vya kipekee. "Vyombo vya kila siku vililisha karakana," wifi akaniambia, "na mzee akabaki na sanaa yake. Wewe unaogopa nini?"

Ninachoogopa sijamwambia, nakuambia wewe. Naogopa kwamba vijana watakuja, watajifunza, mkoba utatoka mikononi mwangu, saa zitakuwa zangu, nami nitakaa mbele ya ngozi tupu na kukata mkoba uleule. Leo naweza kulaumu oda. Siku hiyo nitamlaumu nani?

Kuna hofu nyingine ndogo. Kumfundisha mtu kuvuta uzi kwa nguvu ileile kila tundu si jambo la wiki mbili. Atakayekagua kingo kama zimesuguliwa msasa na kung'arishwa sawasawa ni mimi. Nimeona mafundi walioajiri ili wapate nafasi, wakaishia kuwa wasimamizi wanaoshika kalamu kuliko sindano. Labda wengine wanapenda hivyo.

Mimi nina wazo langu, na wifi analiita mchezo. Nikikumbuka vizuri, vitu viwili pekee nilivyovibuni kweli vilitokana na ukosefu: mkoba ulitokana na kukosa bizimu, kifuko cha miwani kilitokana na ngozi isiyofaa. Siku ile ya uhuru kamili, yenye ngozi nzuri na vifaa vyote, haikunipa kitu. Kwa hiyo nafikiria kujiwekea vizuizi. Kwa muda fulani, nje ya saa za oda, nitumie mabaki ya tumbo tu, bila chuma chochote, bila kifuniko wala ulimi, na kitakachotoka kisipigwe picha wala kupangiwa bei mpaka nimekitumia mwenyewe kwanza. Hilo la picha ndilo linalomkera wifi. Anasema biashara yetu ni ndogo mno kuwa na chumba cha kufichia bidhaa, na mshika mawili moja humponyoka. Nami simlaumu, maana karo ya watoto wake inatoka kwenye mkoba huu kama yangu inavyotoka.

Shangazi, naomba unisaidie mambo haya. Je, mkataba tuukatae, au tumrudie mwenye duka tumwombe nusu ya mzigo, mshono wa mkono, na miezi sita badala ya mwaka? Wifi anaogopa tukiomba hivyo atakwenda kwa yule asiyeweka tundu. Pia nifanyeje ili niongee na wifi kuhusu saa hizi zisizo na bei bila yeye kusikia kwamba namwachia mzigo? Kila nikianza, yeye anafungua daftari la hesabu, na daftari lina haki.

Na kama kuna wasomaji wako wanaoishi kwa kazi ya mikono, wafinyanzi, wasusi, wafumaji, waseremala, ningependa kuwasikia hasa wale ambao kitu chao kimoja kilipendwa kuliko vingine vyote. Walikiacha? Walimpa mtu mwingine akitengeneze? Na walipopata nafasi, kitu kipya kilichukua muda gani kuja?

Mwenye duka anataka jibu kabla ya mwezi kuisha, kwa hiyo ukiweza kunitanguliza kwenye foleni yako nitashukuru sana.

Ni mimi,
Mshona Ngozi