Salamu za Shukrani: Dirisha la Vijana Wetu Saba wa Vita vya Kagera

Familia ya marehemu kaka yetu, aliyetoka katika mgambo akajiunga na jeshi na kufia vitani mwaka 1979, pamoja na familia nyingine sita za vijana wa parokia hii ambao hawakurudi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha salama tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ambapo dirisha la vioo vya rangi lenye majina yao lilibarikiwa kanisani kwetu.

Wazee wanakumbuka jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulikalia eneo lote hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, nasi tukakimbilia ng'ambo na watoto mgongoni. Kaka yetu aliisikia redioni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, na kesho yake akaaga. Tuliporudi mwaka uliofuata tulikuta migomba imefyekwa, zizi tupu, na dirisha kubwa la kanisa limebaki tundu. Tundu hilo lilizibwa kwa bati, na bati hilo, lililokuwa likipiga kelele kila mvua inaponyesha, ndilo mama yetu amelitazama kila Jumapili kwa zaidi ya miaka arobaini. Wawili kati ya vijana hao wamezikwa Kaboya, Muleba, pamoja na mamia ya wenzao. Wengine hatujui walipolala. Mama hakuomba mnara. Aliomba bati litolewe, na jina la mwanawe liandikwe pale.

Michango ilikwenda polepole lakini ilikwenda, hadi siku kreti ya vioo ilipofunguliwa mbele ya kamati. Ilikuwa imeangushwa njiani. Sehemu yote ya chini, yenye mto na daraja, ilikuwa vipande. Fedha zilikuwa zimekwisha, na mwenye gari hadi leo hapokei simu (tumemsamehe, ingawa haikuwa rahisi). Wiki tatu zilizofuata ndizo zilizotuchosha kuliko miaka yote ya kuchangisha, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba vioo vimefika, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza yaliyobaki.

Ndipo padre paroko alipopata habari za fundi mmoja wa Masaka, Uganda. Fundi huyo alivuka mpaka wa Mutukula akiwa na kikata kioo chake, mikanda ya madini ya risasi ya kushikia vioo na mabamba mawili ya kioo cha buluu, akalala nyumba ya mapadre siku tisa. Alikata kila kipande upya, akakipachika katika mkanda wake wa risasi, akaunga viungo kwa lehemu, kisha akasugua uji mzito wa kuziba ili mvua isipenye. Tulipomletea bahasha aliisukuma nyuma. Alisema baba yake alifia Masaka mwaka huohuo wa 1979, majeshi yetu yalipouingia mji ule na kuuacha magofu, akaomba tumwekee nia ya Misa. Sisi tuliozoea kuisimulia vita hii kutoka upande wetu wa mto tulinyamaza. Mwangalifu ataona kwamba maji yaliyo chini ya daraja yana buluu iliyokolea kuliko mengine. Wapo walioshauri ibadilishwe, nasi tumekataa. Ndugu yetu wa Masaka, hatuna cha kukulipa, na nia ya Misa ya baba yako imeandikwa kila mwaka pamoja na ya vijana wetu.

Shukrani za pekee pia kwa katekista mstaafu, aliyezunguka vigango vyote kwa baiskeli akihakiki tahajia ya majina, na ambaye siku ya baraka alishika kidole cha mama, asiyejua kusoma, akakipitisha juu ya kila herufi ya jina la mwanawe.

Tunawashukuru padre paroko na halmashauri walei, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) waliopika ndizi na maharage tangu usiku, jumuiya ndogo ndogo zote, kwaya, maaskari wastaafu waliokuja na medali zao, ndugu zetu Waislamu na Walutheri waliochangia bila kuombwa mara mbili, uongozi wa kijiji na kata, vijana waliobeba jukwaa, watoto wetu walioko Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, na mafundi uashi.

Si rahisi kumtaja kila mmoja. Daftari la michango lililowa mvua na kurasa mbili hazisomeki, hivyo wapo waliotoa ambao majina yao hatunayo kabisa; tunawaomba radhi kwa unyenyekevu, na tunawasihi wasituhesabie kuwa tumewasahau. Aliye na stakabadhi yake aipeleke ofisi ya parokia ili jina liingizwe upya.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.