Mdogo wangu, usiukodolee macho mpira wa mama

Mdogo wangu mpendwa,

Swali lako la jana kuhusu mpira wa kupumulia wa mama, "mpira watamtoa saa ngapi?", huulizwa na karibu kila familia ninayoipokea mlangoni ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Ndiyo maana nakujibu hapa hadharani, na wengine wasome.

Mama akitoka kwenye upasuaji wa kuunganishwa mishipa mipya ya damu moyoni atakuwa bado yuko usingizini, mpira umepita mdomoni hadi kwenye koromeo la hewa, mashine ikimpumulia. Ndivyo ilivyopangwa. Wengi hutolewa mpira ndani ya saa 6 hivi tangu wafike ICU. Wengine hukaa nao mpaka asubuhi. Badala ya kuhesabu saa, muulize muuguzi: "Tunasubiri nini?"

Huenda wanasubiri mwili upate joto, maana mgonjwa mara nyingi hutoka chumba cha upasuaji akiwa wa baridi, na akitetemeka moyo hulemewa. Huenda mirija ya kifuani bado inatoa damu nyingi na daktari hataki kumwamsha mtu anayeweza kurudishwa kupasuliwa. Huenda presha inayumba. Hayo yakitulia, dawa za usingizi hupunguzwa, mama afumbue macho, abane kidole akiambiwa, apumue mwenyewe huku mashine ikimsaidia kidogo tu, kisha damu yake ipimwe kuona kama oksijeni inatosha na hewa chafu inatoka. Kuutoa mpira kisha kuurudisha kwa dharura ni hatari. Kuuacha bila sababu nako kunakaribisha nimonia.

Ukiruhusiwa kuingia wakati anazinduka, usiogope akikutazama bila kusema. Mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo hawezi kutoa neno. Mikono inaweza kuwa imefungwa kwa kitambaa laini ili asiuchomoe. Mwambie: "Mama, upasuaji umekwisha, nibane mkono kama unanisikia." Muuguzi atafyonza makohozi, atatoa hewa kwenye kijipira kinachoushikilia mpira kooni, atamwambia akohoe, na utatoka. Sauti itakuwa imekwaruza, atalilia maji. Usimpe mpaka muuguzi ahakikishe anameza vizuri.

Sasa linaloniuma zaidi. Mpira ukitoka, familia hushusha pumzi na kudhani vita vimekwisha, kumbe moyo wenyewe bado unahitaji jicho. Utaona vibandiko kifuani, sindano ya kifundo cha mkono inayoonyesha presha kila pigo, na pengine nyaya nyembamba zinazotokeza chini ya mfupa wa kifua. Hizo nyaya zimegusishwa kwenye moyo ili mapigo yakizorota yasukumwe kwa umeme kutoka nje, na hutolewa kabla ya kurudi nyumbani. Kengele zitalia mara nyingi, na nyingi ni kibandiko kilicholegea. Mtazame mama kwanza, skrini baadaye.

Lakini siku ya pili na ya tatu, akiwa amekaa anakunywa uji, ndipo vyumba vya juu vya moyo hupenda kuanza kutetemeka ovyo, mapigo yakaenda mbio bila mpangilio. Humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 3 au 4 baada ya upasuaji huu. Haimaanishi mishipa mipya imeziba, na mara nyingi hutulizwa kwa dawa na kurekebisha chumvi za damu kama potasiamu. Ikiachwa, damu inaweza kuganda moyoni na kuleta kiharusi. Kwa hiyo akihamishiwa wodini na kile kifaa kidogo cha kufuatilia mapigo, asikivue eti kinamkera. Akisema moyo unadunda vibaya, ana kizunguzungu au pumzi zinakatika, mwite muuguzi papo hapo.

Leo andika majina ya dawa zake zote, hasa ile ya presha inayopunguza kasi ya moyo. Kuikatiza ghafla huongeza hatari ya mapigo hayo kuvurugika, basi muulize daktari asubuhi baada ya upasuaji itarudishwa lini. Usiku nitakupigia, unisomee orodha.

Dada yako