Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Soko la Kibuye, Kisumu

Mama zangu, dada zangu na ndugu wote,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotukosesha usingizi mwaka huu: wenzetu wanaoandamwa na wanaume.

Muuzaji hana pa kujificha. Kibanda chake kinajulikana, saa yake ya kufunga inajulikana, na nambari ya simu ameiandika ukutani ili wateja watume pesa. Mwenzetu mmoja alifuatwa miezi mingi na mteja aliyemkataa. Jioni anamkuta stejini, usiku simu hailali. Tulipomsindikiza kituo kimoja cha polisi, swali lilikuwa moja tu: "Amekugusa?" Hakuwa amemgusa. Tukaondoka bila hata nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti.

Sheria yenyewe ina pengo. Ile ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inataja kuandamwa, na mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya ulinzi kabla mshtakiwa hajasikizwa. Lakini lazima kuwe na uhusiano: ndoa, uchumba, udugu, mapenzi. Mteja hayumo. Ile ya uhalifu wa mitandaoni ya 2018 inamwadhibu anayekusumbua kwa jumbe, faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Anayesimama kimya mbele ya kibanda chako kila siku, haimfikii. California ilipitisha sheria dhidi ya kuandama watu mwaka 1990. Kwetu bado inangojwa damu.

Na damu imemwagika hapa karibu. Aprili 2019 Ivy Wangechi, mwanafunzi wa udaktari, aliuawa nje ya hospitali ya rufaa Eldoret. Septemba 2024 mwanariadha Rebecca Cheptegei alichomwa moto Trans Nzoia; babake alisema walikuwa wameshapiga ripoti. Nasema hivi kwa uchungu: ripoti ya mwanamke isisubiri kidonda.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Tunaandika letu: kuandama kuwe kosa linalojitegemea, awe nani anayefanya. Tunapongoja, tumieni nambari ya till badala ya simu yenu, msifute jumbe za vitisho, na ukienda kituoni usiondoke bila OB. Simu ya bure ya 1195, ya kuripoti dhuluma za kijinsia, iko wazi usiku na mchana.

Sahihi anakusanya katibu. Njooni na vitambulisho.