Mpira wa kupozea bia haushiki kwenye bomba la jikoni? Njoo na kichujio

Baridi ikishaingia hapa Minneapolis, maswali ya dukani kwetu hubadilika. Kuanzia Novemba tunapigiwa na wapika bia wa nyumbani: "Fundi, mpira wangu wa kupozea haushiki kwenye bomba la jikoni, nifanyeje?" Bomba la uani limeshafungwa lisije likapasuka kwa barafu, na mpishi amehamia ndani na sufuria lake.

Kwa asiyeijua kazi hii: kimea kikishachemshwa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), ile sharubati yake (waliokulia kwenye togwa watanielewa) inatakiwa ishuke kutoka nyuzijoto 100 hadi 20 hivi ndipo itiwe hamira. Na ishuke upesi, maana ikikaa vuguvugu vijidudu vitaiwahi hamira. Kazi hiyo hufanywa na koili, yaani bomba jembamba la shaba lililosokotwa, inayozamishwa sufuriani. Maji baridi huletwa na mpira kutoka bombani, hupita ndani yake na kutoka na joto upande wa pili. Hayagusani na bia hata tone. Maji ya jiji letu hutoka mto Mississippi, kwa hiyo Januari koili inafanya kazi raha mustarehe kuliko Julai. (Na shemeji zetu wanaouliza kama ni halali: sheria ya nchi nzima iliruhusu tangu 1978, galoni 100 kwa mtu mzima kwa mwaka, mradi usiuze.)

Sasa hilo la kutoshika. Nati ya mpira wa koili kwa kawaida ni ile ya mpira wa bustani: inchi 3/4, meno manene, 11.5 kwa inchi. Bomba la jikoni lina kichujio kidogo mdomoni. Kifungue uone. Meno yake ni membamba, 27 kwa inchi, na kipimo cha kawaida hapa Marekani ni inchi 15/16 kama meno yako nje ya kichujio, yaani dume, au 55/64 kama yako ndani yake, yaani jike. Hayo na ya bustani hayapatani hata ukayabembeleza. Dawa ni adapta ya brasi yenye ukubwa wa kidole gumba, upande mmoja meno membamba, upande wa pili ya bustani. Tunayouza sisi ina dume na jike kwa pamoja, basi huna haja ya kubahatisha.

Tafadhali usiizungushie tepu nyeupe ile nati ya mpira. Mteja mmoja alikuja ameizungushia karibu roli nzima na bado inamwaga. Tulipoichungulia nati, washa ya raba (ile pete ndogo ya ndani) haikuwemo. Upande wa mpira wa bustani kinachozuia maji ni hiyo washa, wala si meno. Tulimpa washa, akaondoka anacheka.

Kinachotusumbua zaidi ni mabomba ya kisasa, yale unayovuta kichwa kikaja na mpira wake. Mengi hayana kichujio cha kufungua kwa namna hii, na hatupendi kuuza vibano vya raba vya kubana kichwani, kwani huchomoka. Kwa nyumba hizo tunasema: shuka kwenye mashine ya kufulia. Ukutani nyuma yake kuna koki mbili, na meno yake ni yaleyale ya mpira wa bustani. Zima koki ya maji baridi, fungua mpira wa mashine, kisha kaza wa koili mahali pake. Huhitaji adapta yoyote.

Nilipopika mara ya kwanza niliacha mpira wa kutolea maji ya koili ukining'inia tu kwenye sinki. Nilipofungua maji uliruka kama nyoka na kunyunyizia ukuta mzima. Maji ya kwanza kutoka huwa karibu yanachemka, yanaunguza. Ufunge mpira huo kwa kamba kwenye shingo ya bomba, fungua maji taratibu, na watoto wasiwe karibu. Koki ya kupunguza maji iwe upande wa kuingilia tu. Ukiziba upande wa kutokea, presha yote ya nyumba inabaki ndani ya mpira uliolainika kwa joto, nao utachomoka kwenye klipu.

Ukija dukani, picha ya bomba haitoshi. Tuletee kichujio chenyewe ndani ya mfuko, tutakijaribisha kwenye adapta hapohapo kaunta. Kikiwa kimeganda kwa chokaa, funga kifuko cha siki mdomoni mwa bomba kwa nusu saa hivi, kisha ukifungue kwa plaizi iliyovishwa kitambaa, usije ukakwangua nikeli.