Maswali ya kibodi na faili kabla ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salaam kwenu nyote wa Nyegezi, Kirumba na ng'ambo kule Sengerema.

Wengi mmeuliza kwa nini programu ya C haipokei herufi mpaka mtumiaji abonyeze Enter. Tatizo haliko kwenye getchar (funksheni ya kusoma herufi moja), kwani ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inayoshikilia mstari mzima ili mtumiaji aweze kufuta alipokosea. Ukitaka kila herufi ifike papo hapo, soma mipangilio ya terminali (dirisha la kuandikia amri) kwa tcgetattr, zima ICANON (kusubiri mstari mzima) na ECHO (kuonyesha kinachoandikwa), weka VMIN 1 na VTIME 0, yaani subiri angalau herufi moja bila kikomo cha muda, kisha uipitishe mipangilio hiyo kwa tcsetattr. Nawasihi sana mhifadhi mipangilio ya awali na kuirudisha programu inapofunga, la sivyo mtumiaji ataachwa na terminali isiyoonyesha anachoandika.

Kuhusu faili, read (funksheni ya kusoma baiti) ikirudisha baiti pungufu ya ulizoomba, hilo si kosa: endelea kusoma mpaka irudishe 0, yaani mwisho wa faili, na ikirudisha -1 ndipo uangalie errno, yaani namba inayoeleza ni kosa gani.

Jumamosi tutaanza na terminali, hivyo kila mmoja aje na msimbo wake, hata kama bado haujakamilika.